Kufuli za kompyuta zinavunjika, amana je?

Ndugu msomaji, wiki hii tusome somo ambalo ukilitazama juu juu utadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini kwa undani wake linatuhusu sote tunaosikiliza mawaidha, tunaopenda kasida na tunaosoma vitabu vya dini kwenye simu. Somo lenyewe ni namna binadamu alivyovumbua vyombo vya kuhifadhia sauti, picha na maandishi, na namna alivyohangaika kuviwekea kufuli ili visichukuliwe bila ruhusa.

Ukipita stendi ya Korogwe au sokoni Chanika hapa Handeni, unaweza kukuta kibanda chenye kompyuta moja na spika mbili. Unampa kijana memori kadi yako, unamtajia jina la sheikh au la kikundi cha kasida, na kabla hujamaliza soda anakurudishia kadi imejaa. Aliyetoa mawaidha hana habari. Aliyerekodi hana habari. Aliyelipia kamera na mafuta ya jenereta naye hana habari. Mnunuzi anaondoka na furaha yake, akiamini amejichumia thawabu. Je, ni kweli? Kabla ya kujibu, tutazame tumefikaje hapa.

Kutoka kabati la tani moja hadi ukucha

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya sumaku. Diski zake zilikuwa sahani 50 zilizopangwa kama chapati, ndani ya kabati lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Pamoja na ukubwa wote huo, lilibeba herufi kama milioni tano tu. Kwa mizani ya leo hiyo ni nafasi isiyozidi megabaiti tano, ambayo haitoshi hata mawaidha ya dakika sita.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatoa kanda ndogo ya kaseti. Hii ndiyo iliyotulea wengi wetu, maana sauti za masheikh zilifika vijijini kwa kanda. Kanda ilikuwa na aibu moja: kila unapoinakili, sauti inapungua na mvumo unaongezeka. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa haisikiki vizuri. Aibu hiyo ilikuwa kinga kwa mwenye kazi, kwani aliyetaka sauti safi ilimbidi arudi kwa mwenyewe.

Kinga hiyo iliondoka mwaka 1982, Philips na Sony walipoanza kuuza CD. Ndani ya CD sauti imegeuzwa kuwa namba, na namba hazichakai kwa kunakiliwa. Ukinakili namba saba mara elfu moja, nakala ya mwisho bado ni saba. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa kawaida aliweza kuwa na nakala isiyo na tofauti yoyote na asili.

Mwaka 1984 Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, alitangaza aina ya kumbukumbu isiyohitaji sahani ya kuzunguka wala umeme wa kudumu. Humo ndimo zilimotoka flashi na memori kadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao wakakamilisha njia ya kubana sauti tunayoijua kwa jina la MP3, ambayo huishusha hadi kiasi cha megabaiti moja kwa dakika.

Sasa piga hesabu. Darsa la saa moja linachukua kama megabaiti 58. Kadi ya gigabaiti 32, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, inabeba madarsa zaidi ya 500. Ukisikiliza moja kila siku, mwaka utakwisha na kadi haijaisha. Hii ni neema kubwa, alhamdulillah. Lakini kila neema ina hesabu yake.

Kufuli na waliozivunja

Wenye mali walipoona hivyo, wakaanza kutafuta kufuli. Filamu za DVD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, ziliwekewa fumbo ili zisichezwe ila kwenye mashine zilizoruhusiwa. Mwaka 1999 fumbo hilo likafumbuliwa, na programu ya kulifungua ikasambaa duniani. Kijana wa Norway, Jon Johansen, aliyekuwa na miaka 15, alishitakiwa kwa jambo hilo. Mahakama ya nchi yake ikamwachia huru mwaka 2003, na moja ya hoja ilikuwa kwamba alifungua diski aliyoinunua kihalali.

Mwaka 2002 ikajulikana kuwa baadhi ya CD zilizowekewa kinga ya kuzizuia kusomwa na kompyuta zilishindwa na maka peni: unapaka wino ukingoni mwa sahani, kinga imekwisha. Mwaka 2005 Sony BMG walikwenda mbali zaidi. CD zao zilijipenyeza ndani ya kompyuta ya mnunuzi na kuficha humo programu ya ulinzi bila kumweleza wazi, na mafichoni hapo wahalifu nao wakapata pa kujibanza. Kelele zilikuwa kubwa, kampuni ikarudisha CD hizo kutoka madukani na ikaburuzwa mahakamani. Tazama ajabu hii: aliyekuwa akilalamika kuibiwa ameingia nyumba ya mteja wake kwa mlango wa nyuma!

Hata memori kadi iliyomo katika simu yako ina kisa. Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na Toshiba, SanDisk na Matsushita, na jina lake kwa Kiingereza lina maana ya dijitali salama. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitengewa ndani yake sehemu ya siri ya kulinda nyimbo zisinakiliwe. Leo kadi hiyo hiyo ndiyo chombo kikuu cha kunakilia nyimbo mitaani, na sehemu ile ya siri karibu hakuna anayeijua.

Nasi Tanzania tulijaribu. Mwaka 2013 zilikuja kanuni za kubandika stempu za kodi za TRA kwenye kanda, CD na DVD za muziki na filamu, ili bidhaa halali ijulikane kwa macho. Lakini biashara ilikuwa inahama kutoka sahani kwenda kwenye kadi na simu. Faili halina ganda. Utaibandika wapi stempu?

Kwa nini kufuli hizi hushindwa? Sababu ni nyepesi. Kufuli ya mlango inamzuia mwizi asiyekuwa na ufunguo. Kufuli ya CD inataka mteja asikilize lakini asinakili, kwa hiyo ni lazima apewe ufunguo pamoja na sanduku. Na hata ufunguo ukifichwa vipi, mwisho wa safari sauti itatoka kwenye spika, na mwenye simu ataiweka karibu na kurekodi. Hatusemi kuwa kufuli hazina faida kabisa, kwani huduma za filamu na vitabu vya kulipia kwenye intaneti bado zinazitumia, na zinawazuia wengi. Lakini hazimzuii aliyekusudia. Mwaka 2009 Apple, wauzaji wakubwa wa muziki kwenye intaneti, waliondoa kufuli kwenye nyimbo walizokuwa wakiuza.

Elimu haiuzwi?

Hapa ndipo tunapoulizana. Wapo ndugu wanaosema, "Elimu ya dini ni ya Mwenyezi Mungu, haina mwenyewe, basi kunakili ni kuieneza." Maneno haya yana ukweli ndani yake, kwani kuificha elimu kumekemewa vikali. Lakini tutenganishe mambo mawili. Maana ya aya au hadithi haina mmiliki. Jasho la aliyeandika, aliyerekodi, aliyehariri na aliyechapa lina mwenyewe.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kupitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, zinalindwa na sheria ya Kiislamu na haifai kuzivamia. Wapo wanazuoni waliotofautiana katika suala hili, lakini huo ndio msimamo wa baraza hilo. Na Qur'an (4:29) imekataza kuliana mali kwa njia ya batili, ikaweka sharti la kuridhiana.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na COSOZA. Kwa sheria ya Bara, haki ya kiuchumi ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Chukua mfano wa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili ilitolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Alifariki mwaka 1982, hivyo kwa kipimo hicho kazi zake hazijawa mali ya kila mtu hadi mwaka 2032 uishe. Wangapi kati yetu tunazo kurasa zake kwenye simu, na tumewahi kujiuliza zimefikaje?

Sisemi kwamba mtu aliyejinakilia darsa moja asikilize nyumbani ni sawa na mwenye kibanda. Sheria nyingi za hakimiliki huacha nafasi kwa matumizi binafsi na ya kufundishia. Ninayemzungumzia hapa ni anayeichukua kazi ya mwenzake, akaifanya bidhaa, akala faida peke yake.

Wazee wetu walikuwa na ijaza

Ndugu msomaji, zamani hizo, kabla ya kompyuta, kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na mwenye kalamu na wino hakuna aliyeweza kumzuia. Kilichomzuia kilikuwa ijaza. Mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh, sheikh akamsikiliza na kumsahihisha, kisha akamwandikia ruhusa ya kukisomesha, pamoja na mnyororo wa walimu waliokipokea kabla yake. Ruhusa na uthibitisho vilikwenda pamoja.

Mfano tunao pwani yetu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, kituo cha elimu kilichoasisiwa na Habib Saleh, umehifadhi maandiko ya mkono ya wanazuoni, na baadhi yake yameandikwa kuwa ni wakfu. Maandiko hayo yamepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na leo mtafiti wa mbali anaweza kuyaona. Karatasi iliyokuwa ikiliwa na unyevu na mchwa imepata uhai wa pili, kwa ruhusa na kwa utaratibu.

Na hapa kuna hatari inayozidi hata wizi, nayo ni kugeuzwa. Faili linalonakiliwa kirahisi hukatwa kirahisi. Darsa la saa moja hukatwa kipande cha sekunde 30, likapelekwa WhatsApp, na sheikh akaonekana amehalalisha alichokuwa akikikataza. Mafundi wana dawa ya hili. Kuna hesabu, mojawapo huitwa SHA-256, ambayo hulisoma faili zima na kutoa alama ya tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, alama inabadilika yote. Mwenye kazi akiitangaza alama hiyo, yeyote mwenye nakala anaweza kupima kama ni ile ile. Msomi wa hadithi hatashangaa, kwani kazi ya isnadi na kulinganisha nakala ililenga jambo hilo hilo: nani kakupa, na je, kimefika kama kilivyotoka? Qur'an (49:6) imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi.

Tufanye nini?

Kwanza, masheikh na vikundi vya kasida watamke masharti mwanzoni mwa kila rekodi: tarehe, mahali, na ruhusa. Kama ni wakfu, iambiwe wazi kuwa ni wakfu, yeyote anakili bure lakini asikate. Kama ni ya kuuzwa, iambiwe hivyo na itajwe inakopatikana. Tukinyamaza, tunawaachia watu wakisie.

Pili, wenye vibanda wafuatwe kwa hekima. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki. Wakipewa makubaliano ya kuuza kihalali na fungu lao likajulikana, watakuwa mawakala wazuri kuliko duka lolote.

Tatu, misikiti na madrasa zetu zihifadhi rekodi zao. Flashi moja kabatini si hifadhi, kwani inaweza kupotea, kuungua au kufa yenyewe. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine. Tukumbuke kuwa baada ya vita vya Yamama, mahafidh wengi walipouawa, Zaid bin Thabit alikusanya Qur'an kutoka kwenye maandishi na vifua vya watu kwa pamoja. Hakutegemea chombo kimoja.

Nne, mimi na wewe tunaonunua. Tuulize swali moja tu kabla ya kutoa kadi: mwenyewe ameridhia?

Wavumbuzi wataendelea kutengeneza kufuli, na wavunjaji wataendelea kuzivunja. Kijana wa kibandani akiwa peke yake na kompyuta yake, hakuna askari, hakuna stempu wala fumbo la namba litakalomzuia. Atazuiliwa na kujua kuwa kuna Mwenye kuona. Amana hiyo haiuzwi dukani. Hufundishwa nyumbani na madrasa, na sisi walimu ndio wa kwanza kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.