SOMO: Gari la Kikundi na Injini Isiyo na Mwenyewe



Katika vikundi tunavyotembelea, kuanzia Othaya na Mukurwe-ini hadi Karatina na Naro Moru, neno la kununua pikapu huja mapema. Sababu ni nzuri. Maziwa hayangoji, kabichi za Kieni huoza, na mwenye gari la kukodi hujipangia bei. Lakini pia tumeona pikapu zilizoegeshwa chini ya mti, nyasi imefika mlangoni, na wanachama bado wanalipa mkopo. Kwa hiyo leo tujifunze juu ya injini.

KUONA: Ni nini huua injini?

Tukiuliza gari lilikufaje, mara nyingi tunajibiwa, "Iliharibika tu ghafla." Mafundi wa jua kali hutueleza vingine. Wanasema injini nyingi hutoa habari kabla ya kufa, ila habari hiyo hukosa mtu wa kuipokea.

Kikundi kimoja cha maziwa kilinunua pikapu iliyotumika. Baada ya muda ikaanza kumaliza maji. Dereva wa asubuhi akawa anaongeza maji na kunyamaza. Dereva wa jioni naye vivyo hivyo. Mweka hazina aliposikia bei ya rejeta akasema, "Tungoje malipo ya mwisho wa mwezi." Siku moja gari ikachemsha mlimani. Kwa vile maziwa yalikuwa yanangojwa, dereva akailazimisha hadi juu. Gaskiti ya hedi ikaungua, na hedi yenyewe ikapinda. Kazi ya rejeta ikawa kazi ya injini nzima. Hapakuwa na mwizi hapo. Kila mtu alijua kipande chake, na hakuna aliyejua yote.

Tukumbuke pia mahali tunapoishi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yasichemke upesi. Kikilegea, gari lenye magunia likipanda kwa gia ndogo litachemsha haraka. Kitu kidogo hivyo chaweza kuua injini.

KUAMUA: Je, dawa ni kununua gari imara zaidi?

Wazee wanaikumbuka Peugeot 504. Gari hiyo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lakini hata magari ya mashindano yalikuwa na mafundi waliongoja njiani na spea zao. Gari imara nalo lataka mtu wa kuliangalia.

Katika Luka 14:28 Bwana wetu anatufundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Vikundi vingi huhesabu bei ya kununua, vikasahau gharama ya kutunza.

KUTENDA: Mambo sita ya kukubaliana

1. Kabla ya kununua, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Fikeni asubuhi, injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Mkikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, rudini nyumbani na pesa zenu. Na mhakikishe mwenye gari ni nani kwa NTSA kabla ya kutoa hata shilingi.

2. Chagueni mtunzaji mmoja. Kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, aangalie maji, oili, mkanda wa feni na magurudumu. Aandike katika daftari tarehe, kilomita, na kila kilichoongezwa. Maji yakipungua siku tatu mfululizo, daftari litasema hata madereva wakinyamaza.

3. Mtunzaji apewe uwezo wa kusema, "Leo gari halitoki." Hata mwenyekiti asilipinge neno hilo bila fundi.

4. Gari likichemsha, simameni, zimeni injini, mngoje ipoe kabisa. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, maana maji yatamchoma mtu vibaya. Msimwage maji baridi kwenye injini ya moto, yaweza kuipasua. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zimeni papo hapo. Msiseme, "Tufike tu sokoni."

5. Nunueni mafuta kwenye kituo kinachojulikana, mchukue risiti. Kuna wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, na injini huumia. Mchezo huu ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza.

6. Anzisheni mfuko wa matengenezo. Tunashauri kila shilingi kumi gari linazoleta, moja iwekwe kando katika akaunti yake. Pesa hizo si za kugawana Krismasi wala za kukopeshana. Ni za rejeta ya kesho.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kisa cha kikundi cha maziwa, ni nani angeweza kuiokoa injini, na kwa neno gani?
- Katika kikundi chetu, dereva akileta habari mbaya, huwa tunamshukuru au tunamgombeza?
- Mashine yetu ya kusaga, pampu au gari letu: nani aliiangalia leo asubuhi? Kama hakuna jina, tulichague kabla ya kufunga mkutano huu.