Deni ni lako, lisimamie mwenyewe

KATIKA mazishi yetu, kabla ya jeneza kuswaliwa, husimama mmoja wa wanafamilia akatangaza kuwa kama yupo anayemdai marehemu basi ajitokeze aonane nao. Ni utaratibu mzuri na wenye asili katika dini. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayetangaza hajui lolote. Mke hajui mumewe alikopa wapi, watoto hawajui kiasi, na daftari halipo. Familia inasubiri wadai ndio waieleze baba yao alikuwa akidaiwa nini.

Jambo hili si dogo. Amesimulia Salama bin Al-Akwa’ (r.a.), kama ilivyo katika Sahih Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu bila kuacha kitu. Akawataka Masahaba wamswalie mwenzao, naye mwenyewe akajizuia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Dinari tatu tu!

Ndugu msomaji, leo katika miji yetu mtu mmoja anaweza kuwa na madeni matano kwa wakati mmoja: benki, kikoba, duka la mtaani, ndugu yake, na wale wakopeshaji wa marejesho ya kila siku ambao watu wamewabatiza jina la “kausha damu”. Akizidiwa hukimbilia kwa mtu wa kumtatulia. Na hao hawakosekani. Yupo atakayekutafutia mkopo mkubwa wa kulipia ile midogo, naye akachukua chake juu. Yupo atakayekuahidi kwenda kuzungumza na wadai wako kwa malipo. Yupo hata anayedai kuwa ukimpa fedha atalisafisha jina lako kwenye kumbukumbu za wakopaji, ilhali deni la kweli halifutwi na dalali bali hufutwa na malipo au msamaha wa anayedai.

Ninachotaka kukisema katika makala haya ni kwamba kazi anayolipwa mtu huyo, sehemu yake kubwa unaiweza mwenyewe, na Uislamu umeshakufundisha. Fedha unayompa ni fedha ya anayekudai.

Kwanza, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tunaisoma kama aya ya anayekopesha, kumbe inamlinda pia anayekopa. Chukua daftari, andika kila unayedaiwa naye, kiasi ulichochukua, ulichokwisha lipa, kilichobaki, na kama deni hilo linaongezeka au limesimama. Benki nenda ukaombe taarifa ya mkopo wako. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani. Kisha mwoneshe mkeo, au mumeo, au mtoto mkubwa.

Zubeir bin Al-Awwam (r.a.) alipouawa siku ya vita vya Ngamia aliacha deni la milioni mbili na laki mbili. Lakini alikuwa amekwisha muusia mwanawe Abdullah juu ya deni hilo siku ile ile, na Abdullah akakaa akalihesabu, akauza ardhi, akalipa. Hata hivyo hakugawa mirathi mpaka alipotangaza katika msimu wa Hija kwa miaka minne, asije akabaki mdai hata mmoja. Deni kubwa kiasi kile lililipika kwa sababu lilijulikana.

Pili, mwendee anayekudai kabla hajakufuata. Kuzima simu na kupita njia ya uchochoroni hakupunguzi deni hata shilingi moja. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Ka’b bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (s.a.w.) akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka’b apunguze nusu ya deni. Ka’b akakubali. Hapo hapo akamwamuru mdaiwa asimame akalipe.

Tuyazingatie mambo mawili hapa. Deni lilipunguzwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana, na msuluhishi hakutoza kitu. Na aliyepunguziwa hakupewa nafasi ya kupumzika, bali aliambiwa alipe kilichobaki. Basi ukienda kuomba muda au punguzo, nenda na kiasi mkononi na tarehe unayoweza kuitimiza. Ukihitaji mtu wa kukaa kati, wapo wazee wa familia na imamu wa msikiti wako, na wao hawadai asilimia.

Tatu, panga kwa hesabu. Tuchukue mfano. Mtu anabaki na shilingi 150,000 kila mwezi baada ya kodi ya nyumba, chakula, nauli na ada. Anadaiwa 300,000 na mkopeshaji wa mtaani, 100,000 na mwenye duka, na 200,000 na kaka yake. Jumla 600,000. Amewaendea wote watatu na wamekubali kumngoja bila kuongeza kitu. Miezi mitatu ya mwanzo ampe mkopeshaji 100,000, mwenye duka 30,000 na kaka 20,000. Mwezi wa nne atakuwa amemalizana na mkopeshaji, duka limebaki 10,000 na kaka 140,000. Jumla ni ile ile 150,000. Amemaliza. Lau angempa dalali sehemu ya kumi ya madeni hayo, yaani 60,000, angekuwa ametupa zaidi ya nusu ya deni la duka, na mwezi wa nne ungemkuta bado anadaiwa.

Kama yupo asiyekubali kusimamisha nyongeza, huyo ndiye wa kumalizana naye mwanzo, kwa ridhaa ya wale wanaokubali kukungoja. Na kila unapolipa, dai stakabadhi. Ukilipa kwa simu, usiifute meseji ya muamala.

Hapa lazima tuseme kuhusu riba. Aliyeingia humo anatakiwa kutubu na kutorudia, lakini toba haiondoi rasilimali ya watu; aya ya 279 ya sura hiyo hiyo inamwachia mkopeshaji rasilimali yake. Kwa hiyo omba usamehewe nyongeza, na kazana kutoka haraka. Usikubali kirahisi kuchukua mkopo mpya wa kufuta wa zamani kwa sababu tu makato ya mwezi yamepungua. Zidisha makato hayo kwa idadi ya miezi, ndipo utaona kama umepunguziwa au umeongezewa. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Na chunguza leseni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekutukana kwa ndugu na jamaa zako kwa sababu ya deni anaweza kushitakiwa. Mpelekee malalamiko Benki Kuu.

Mwisho, haki haiko upande mmoja. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhulma. Anayevaa vizuri, akachangia harusi laki moja ili asionekane hana, huku mwenye duka anamngoja, ajitazame. Lakini na wewe unayedai, aya ya 280 inakuamuru umngoje mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na inakueleza kuwa kusamehe ni bora zaidi kwako.

Na misikiti yetu nayo ina wajibu. Wadaiwa ni miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, lakini ni nadra kusikia zaka yetu imemtoa mtu katika deni. Kamati ya msikiti ikiwa na watu wawili waaminifu wanaojua hesabu, wa kukaa na muumini na daftari lake kwa siri baada ya swala ya Isha, itakuwa imewafungia njia madalali wengi.

Ndugu yangu, daftari la kurasa arobaini halina gharama kubwa. Linunue wiki hii, na jina la kwanza kuliandika liwe la yule unayeona aibu zaidi kukutana naye.

Allah (s.w.t.) atutosheleze kwa halali Yake, na atuwezeshe kulipa madeni yetu tungali hai. Amin.