SOMO LA SOKO: Sanamu za Wakusanyaji, Faida Humwendea Nani?

Biashara ya midoli haina sifa nzuri kwa watu wa fedha. Bidhaa inayotafutwa kwa udi na uvumba mwezi Desemba huenda isipate mnunuzi ifikapo Machi. Hata hivyo, liko tawi moja la biashara hiyo ambalo limewatajirisha baadhi ya watu na kuwatia wengine hasara. Ni tawi la sanamu ndogo za mashujaa zilizotengenezwa kwa ufundi mkubwa, ambazo mnunuzi wake mkuu si mtoto bali ni mtu mzima anayezikusanya. Kampuni ya McFarlane Toys ya Marekani ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Haki kwanza, bidhaa baadaye

Mwanzilishi wake, Todd McFarlane, ni mchoraji mzaliwa wa Kanada aliyejipatia jina kwa kuchora Spider-Man katika kampuni ya Marvel. Toleo la kwanza la mfululizo wa Spider-Man aliloliandika na kulichora mwaka 1990 liliuza zaidi ya nakala milioni 2. Lakini mhusika huyo alikuwa mali ya Marvel. Mwaka 1992 McFarlane na wenzake sita walianzisha Image Comics, ambako kila mchoraji alibaki na haki za kazi yake. Toleo la kwanza la kitabu chake, Spawn, liliuza nakala zipatazo milioni 1.7.

Njia ya kawaida ingekuwa kumkodisha mhusika huyo kwa kampuni kubwa ya midoli na kusubiri mrabaha. McFarlane alianzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1994, akaiita Todd Toys. Mwaka 1995 jina lilibadilishwa kuwa McFarlane Toys baada ya shinikizo la Mattel, ambayo tayari ilikuwa na mdoli aitwaye Todd katika familia ya Barbie.

Sanamu zake zilitofautiana na zilizokuwa madukani wakati ule. Mikunjo ya nguo, misuli, makovu na kutu ya minyororo vilichongwa na kupakwa rangi kwa uangalifu. Mwaka 1997 zilifuata sanamu za bendi ya Kiss, na mwaka 1998 za wahusika wa filamu za kutisha. Hao si wahusika wa mtoto mdogo. Mnunuzi alikuwa mtu mwenye mshahara wake, asiyehitaji ruhusa ya mzazi.

Gharama iliyojificha

Mfanyabiashara anayetazama sanamu ya plastiki hufikiri gharama kubwa ni plastiki. Sivyo. Gharama iko katika kuchonga mfano wa kwanza, kutengeneza kalibu za chuma, kulipia leseni na kupaka rangi. Chukua mfano wa hesabu tu: kalibu zikigharimu dola 50,000 na sanamu 10,000 zikatengenezwa, kila moja inabeba dola 5 za kalibu. Zikitengenezwa 100,000, kila moja inabeba senti 50.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kiwanda kinataka wingi ili gharama ishuke, ilhali mkusanyaji anataka uchache ili thamani ipande. Kampuni ikitengeneza chache mno, haifidii kalibu. Ikitengeneza nyingi mno, mali hulala ghalani na bei huanguka.

Leseni ni mali ya kukodi

Kampuni inayotegemea wahusika wa wengine ni kama mpangaji katika nyumba nzuri. Toy Biz, iliyouza hisa kwa umma mwaka 1995, ilikuwa na mkataba wa kutumia wahusika wa Marvel bila kulipa mrabaha. Marvel ilipoomba kinga ya kisheria dhidi ya wadai wake Desemba 1996, mkataba huo ukawa hatarini. Mwaka 1998 Toy Biz iliungana na Marvel, na mpangaji akawa mwenye nyumba.

McFarlane Toys nayo ilipata leseni ya kutengeneza sanamu za mashujaa wa DC kuanzia mwaka 2020, baada ya Mattel kuwa nayo kwa miaka mingi. Mwaka 2025 Mattel ikatangaza mkataba mpya wa kurudi kwa wahusika hao kuanzia 2026. Mwekezaji anayenunua hisa za kampuni ya aina hii anapaswa kuuliza mikataba inakwisha lini, kabla hata ya kuuliza mauzo ni kiasi gani.

Anayeweka kabatini

Wako wanaonunua sanamu na kuziweka bila kufungua kasha, wakitumaini zitawalipia ada za watoto baadaye. Hoja yao ni kwamba sanamu za Star Wars zilizotengenezwa na Kenner kuanzia mwaka 1978 zimefika bei kubwa minadani. Ni kweli, lakini sababu yake husahaulika. Watoto walizichezea, wakazivunja na kuzipoteza. Zilizobaki katika kasha ni chache. Bidhaa ambayo kila mnunuzi anaihifadhi haiwezi kuadimika kwa njia hiyo.

McFarlane mwenyewe alitoa funzo kuhusu thamani ya vitu vya kumbukumbu. Mwaka 1999 alilipa takriban dola milioni 3 kwa mpira ambao mchezaji wa besiboli Mark McGwire aliupiga kuweka rekodi ya 70 kwa msimu mmoja. Mwaka 2001 Barry Bonds alifikisha 73, na rekodi hiyo ikafutika. Mpira ulileta matangazo makubwa, na mapema miaka ya 2000 kampuni yake ikawa inatengeneza sanamu za wanamichezo wa ligi kubwa za Marekani. Lakini mtu wa kawaida asiye na kampuni ya kutangaza angebaki na mpira tu.

Hisa nazo zina msimu

McFarlane Toys ni kampuni binafsi, kwa hiyo hisa zake haziuzwi sokoni. Aliyetaka kuingia katika biashara hii kupitia soko la hisa aliweza kununua Funko, watengenezaji wa sanamu sahili zenye vichwa vikubwa. Hisa zake ziliuzwa kwa umma Novemba 2017 kwa dola 12, na siku ya kwanza zikafunga chini ya dola 8. Machi 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingeteketeza mali ya thamani ya dola milioni 30 hadi 36, kwa sababu gharama ya kuihifadhi ilikuwa imezidi faida ya kuiuza. Mali hiyo ilikuwa ya aina ileile inayoitwa ya wakusanyaji.

Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji mdogo na ajiulize mambo manne. Nani mwenye haki ya mhusika? Leseni inakwisha mwaka gani? Mali iliyo ghalani inaongezeka kuliko mauzo? Na mnunuzi wa mwisho anaipenda bidhaa yenyewe, au anasubiri tu mnunuzi mwingine baada yake? Jibu la swali hilo la nne likiwa baya, mazuri ya yale matatu hayatoshi.