LUGHA YA MASOMO YA VIDEO KATIKA INTANETI: HALI YA MWANAFUNZI WA WETE, PEMBA

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza lugha ya masomo ya shule yanayotolewa bure kwa njia ya video katika intaneti. Kielelezo chake ni mwanafunzi wa kukisiwa wa mji wa Wete, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Pemba, anayefungua somo la hisabati au la sayansi katika simu ya nyumbani baada ya sala ya isha. Masomo ya namna hii yamesifiwa kwa mambo mawili: hayana ada, na mtu huweza kuyarudia kadiri atakavyo. Sifa zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, aghalabu wanaoyasifu hawaulizi yanasemwa kwa lugha gani, na kwa mwanafunzi wa Wete swali hilo ndilo linalotangulia mengine yote.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kurudia somo hakumfaidishi msikilizaji ikiwa sentensi inayorudiwa haimwingii. Zaidi ya hayo, istilahi za Kiswahili za hisabati na sayansi, ambazo zimekaa vitabuni na kamusini kwa muda mrefu, zimepata katika video mahali pa kusemwa kwa sauti. Mahali hapo bado panatumiwa kidogo mno.

2.0 Masomo yalivyofika kisiwani

Kufundisha kwa mitambo si jambo geni Zanzibar. Televisheni ilianza huko mapema katika miaka ya 1970, kabla ya Tanzania Bara kuwa na yake, na katika miaka ya 2000 redio ilipeleka kwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo kipindi cha Tucheze Tujifunze, ambacho kiliendeshwa kwa Kiswahili. Intaneti ilihitaji vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni umeme. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2010, ulipozinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Cha pili ni njia ya mawasiliano yenyewe: nyaya za SEACOM (2009) na EASSy (2010) ndizo zilizoiunganisha pwani ya Afrika Mashariki na dunia kwa kasi ya kuwezesha picha zinazokwenda kutazamwa. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na zikabaki zimefungwa kwa sehemu kubwa hadi mwisho wa Juni, mazungumzo juu ya kusoma nyumbani yaligeuka kutoka anasa kuwa dharura.

3.0 Lugha nne za mtoto mmoja

Mtoto wa Wete hukua katika Kipemba, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliiandikia kitabu mwaka 1958. Anapoingia skuli hukuta Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Chuoni, mbele ya maalimu wake, husoma Kiarabu cha Kurani. Kisha hukuta Kiingereza, na hukikuta ndani ya masomo magumu kuliko yote: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Katika lugha hizo nne, Kiingereza ndicho pekee kisichokuwa na maskani nje ya darasa. Katika baadhi ya vijiji vya pwani ya Unguja utalii umekifanya kisikike hata ufukweni. Wete ni mji wa karafuu, uvuvi na biashara ya majahazi. Sokoni na bandarini Kiingereza hakina kazi. Hapa ndipo matokeo ya uchunguzi wa zamani yanapopata uzito. Mlama na Materu (1978) walionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania walikuwa wakishindwa kueleza kwa Kiingereza mambo ambayo kwa Kiswahili waliyaeleza vizuri. Criper na Dodd (1984), waliotumwa kuchunguza jambo hilohilo, walikuta kiwango cha Kiingereza hakitoshi kubeba masomo, ingawa walipendekeza lugha hiyo iendelee. Pendekezo hilo lilishangaza wakati ule na linashangaza hata sasa.

4.0 Kusikia tena na kuelewa

Somo la video lililoenea zaidi duniani lina umbo linalojulikana. Mmarekani Salman Khan alianza mwaka 2004 kumfundisha binamu yake hisabati kutoka mbali. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake katika YouTube, na mwaka 2008 akaunda taasisi, Khan Academy, isiyotafuta faida. Uso wa mwalimu hauonekani. Kuna ubao mweusi, mwandiko wa rangi, na sauti inayozungumza kama mtu anayemwelekeza ndugu aliyekaa karibu naye.

Sauti hiyo ya mazungumzo ndiyo iliyowavuta wengi, na ndiyo inayompa taabu mgeni wa lugha. Kitabu husema kwa sentensi kamili zilizopangwa. Mwalimu wa video husitasita, hurudi nyuma, huacha sentensi nusu, na zaidi ya yote huonyesha kwa vidole: hiki kinakuja hapa, kile kinaondoka, kwa hiyo hiki ni sawa na kile. Darasani macho ya mwanafunzi hufuata kidole. Katika simu yenye kioo kidogo, mwandiko ukiwa umesongamana, mwanafunzi hutegemea viwakilishi na vionyeshi tu.

Hapo tofauti ya muundo wa lugha hujitokeza, na yafaa itazamwe kwa makini kwa sababu ni nadra kutajwa katika mijadala ya lugha ya kufundishia. Kionyeshi cha Kiingereza hakibagui nomino. Neno moja huonyesha kila kitu kilicho karibu, ikiwa ni kimoja. Kionyeshi cha Kiswahili hubeba ngeli. Chukua sehemu, yaani namba iliyoandikwa juu ya nyingine, mstari ukizitenga. Ile ya juu huitwa kiasi na ile ya chini huitwa asili. Mwalimu akisema "kizidishe hiki, kisha uizidishe na hii", msikilizaji anajua, hata kabla ya kutazama, kwamba hiki ni kiasi na hii ni asili. Akisema "vyote viwili vigawanye kwa mbili", viambishi peke yake vinaashiria kwamba ni viasi vinavyozungumzwa. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi, ambao katika vitabu vya mafunzo hutajwa kama mzigo wa kukaririwa, katika somo la kusikilizwa hufanya kazi ya kidole.

Mwanafunzi anayesikiliza somo hilohilo kwa Kiingereza anaweza kulisimamisha, akalirudisha nyuma, akalisikiliza mara tano. Mwendo wa somo sasa ni wake, na hilo si jambo dogo kwa mtoto aliyezoea darasa lenye wanafunzi wengi, ambamo kuuliza mara ya pili ni kujitia aibuni. Lakini kusimamisha hutibu kasi. Hakutibu neno lisilojulikana. Yamkini mwanafunzi hujifunza kuiga hatua kwa kufuata mwandiko, akapata jibu, na akashindwa swali linapobadilishwa sura.

Kwa Kiswahili, mfano unaojulikana zaidi nchini ni Ubongo Kids, vipindi vya katuni na nyimbo vilivyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2014, vikapatikana pia katika intaneti bila malipo. Vililenga watoto wa umri wa shule ya msingi. Kwa hiyo mtoto aliyeimba hesabu kwa Kiswahili akiwa na miaka tisa anapofika kidato cha kwanza huona lugha ya video imembadilikia pale hasa somo linapokuwa gumu.

5.0 Istilahi kutoka kamusini hadi kinywani

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kani, tungamo na mchapuko ni istilahi zenye umri mkubwa kuliko wanafunzi wote waliomo sekondari leo, na pengine kuliko baadhi ya walimu wao. Tatizo ni kwamba hazikusemwa. Istilahi haizoeleki kwa kuorodheshwa. Huzoeleka mtu anapoisikia ndani ya sentensi, ikanyambuliwa, ikaulizwa, ikakosewa na kusahihishwa. Sekondari, ambako zingesemwa, zilifungiwa mlango.

Wala si kila istilahi ya Kiswahili ni nyepesi kwa kuwa ni ya Kiswahili. Tungamo na uzito hutenganishwa na mwanafizikia, ilhali mnunuzi wa samaki sokoni Wete hutumia uzito kwa yote mawili. Asili humkumbusha mtoto mwanzo wa kitu, si namba iliyo chini ya mstari. Maneno haya yanahitaji kufundishwa. Ila mtoto huyafundishwa akiwa amesimama juu ya lugha anayoijua.

Namba witiri na namba shufwa ndizo mfano ulio bora zaidi. Katika sehemu nyingine za nchi jozi hii hukaririwa kama maneno ya kigeni. Kwa mtoto wa Wete si ya kigeni hata kidogo: sala ya witri huisikia nyumbani, na jozi yenyewe, shufwa na witiri, imo katika aya za mwanzo za Suratul Fajr, anayoisoma chuoni kabla hajajua kugawanya. Neno la Kiingereza la namba witiri lina maana nyingine ya kitu cha ajabu kisicholingana na wenzake, na mtoto anayelitafuta katika kamusi huweza kutoka na maana hiyo. Mwalimu wa video anayezungumza na Pemba angehitaji dakika moja tu kuliunganisha somo lake na jambo ambalo msikilizaji analo tayari.

6.0 Somo la sehemu kwa mizani ya Pemba

Masomo ya sehemu yanayotoka Marekani hukata pitsa na kuhesabu sarafu za dola. Mtoto wa Wete anaweza kuifahamu pitsa kwa picha, lakini vipimo vyake mwenyewe vimo nyumbani. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na wachumaji wa karafuu wamezoea kulipwa kwa pishi. Kibaba basi ni robo ya pishi, kisaga ni nusu yake, na anayejumlisha kisaga na kibaba amekwisha kujumlisha nusu na robo akapata robo tatu, bila ya kuandika mstari wowote.

Hatua iliyo ngumu zaidi, ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, nayo ina makao. Elimu ya mirathi ya Kiislamu hufanya kazi kwa sehemu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Tuseme mtu amefariki akaacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, na urithi ni mikarafuu 24. Mke hupata thumuni kwa kuwa marehemu ana mtoto; mama hupata sudusi; kilichobaki ni cha mwana. Thumuni na sudusi hazijumlishiki mpaka zipatiwe asili moja, na Kigawe Kidogo cha Shirika cha 8 na 6 ni 24. Mke ana mikarafuu 3, mama 4, mwana 17. Wanachuoni wa mirathi huiita namba hiyo ya 24 kwa Kiarabu asl, asili ya mas-ala, na hapo istilahi ya kitabu cha hisabati, iliyoonekana ngumu, hupata maana mbele ya macho ya mtoto. Somo la namna hii halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji mwalimu, karatasi, kalamu, na simu iliyofungwa mahali ili isitikisike.

7.0 Mtihani

Kipingamizi kikubwa ni mtihani. Mwanafunzi wa Zanzibar, sawa na wa Bara, hufanya mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na hisabati na sayansi huulizwa kwa Kiingereza. Mzazi anayesema kwamba video ya Kiswahili itamwacha mwanawe na elimu asiyoweza kuiandika hasemi upuuzi.

Njia iliyopo ni ile ambayo walimu wengi huifuata darasani bila ya kuikiri: kueleza kwa Kiswahili, kisha kutaja na kuandika istilahi ya Kiingereza, na kuwataka wanafunzi waijibu kwa Kiingereza mwishoni. Wapo wanaoiona njia hiyo kuwa ni kuchafua Kiswahili. Hofu yao ina msingi pale mwalimu anapochanganya ovyo, akisema kitenzi cha Kiingereza kwa kiambishi cha Kiswahili. Mambo huwa mengine istilahi mbili zinapowekwa bega kwa bega makusudi, kani na mwenziwe, mchapuko na mwenziwe, kila moja ikitamkwa kamili na kuandikwa ubaoni. Video inafaa kwa kazi hiyo kuliko darasa, kwa kuwa mwandiko unaweza kubeba Kiingereza wakati sauti inabeba Kiswahili, na mwanafunzi anaweza kusimamisha ili ainakili jozi nzima.

Gharama nayo inaelekeza upande huohuo. Somo ni bure. Kifurushi cha intaneti si bure, na kwa kawaida anayekinunua ni mzazi. Dakika kumi zilizoeleweka na dakika kumi zisizoeleweka hutozwa sawasawa, na mwanafunzi anayelifungua tena kesho somo ambalo jana lilimpita hulipiwa mara ya pili.