Ukiamka, Tazama Tena

*“Dada, nina thredi kwenye Python: moja inaweka oda kwenye foleni, nyingine mbili zinazichukua. Hizi za kuchukua zinazunguka tu zikiuliza kama kuna kitu, na prosesa inachemka. Nifanyeje?”*

Mdogo wangu, thredi isiyo na kazi haizungushwi, inalazwa. Tumia `threading.Condition`, yaani kufuli lenye sehemu ya kusubiria. Thredi inayochukua inashika kufuli na kutazama foleni. Ikikuta tupu, inaita `wait()`: inaachia kufuli na kulala kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo taarifa ya kuamka haiwezi kupenya katikati ikapotea. Inayoweka oda nayo inashika kufuli lile lile, inaweka oda, inaita `notify()`, kisha inaachia.

Andika hivi, `hali` ikiwa ile `Condition` na `foleni` ikiwa orodha ya oda:

```
with hali:
    while not foleni:
        hali.wait()
    oda = foleni.pop(0)
```

Nakusihi, iwe `while`, isiwe `if`. Ukiweka `if`, siku moja mambo yatakwenda hivi: thredi A imelala, oda inaingia, A inaamshwa. Lakini kabla A haijashika tena kufuli, B inapita, inalishika na kubeba ile oda. Zamu ya A ikifika, inachukua kutoka foleni tupu, na programu inaanguka kwa `IndexError`. Kwenye majaribio huenda usilione kosa hilo. Litakuja wateja wakiwa wengi.

Hitaji hili la `while` lina historia. Katika mfumo wa kufuli na kusubiri aliouandika mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1974, anayeamshwa alikabidhiwa zamu papo hapo. Lugha ya Mesa ya Xerox, ambayo watafiti Lampson na Redell waliieleza mwaka 1980, iliifanya taarifa kuwa dokezo tu: amka, ujionee mwenyewe. Python na Java zimefuata njia hiyo ya Mesa.

Jambo jingine: kama thredi zinazosubiri mambo tofauti zimelala kwenye `Condition` moja, ita `notify_all()`. La sivyo unaweza kuamsha isiyohusika, na inayohusika ikabaki imelala.

Kazini tumia `queue.Queue`, ndani yake kuna kufuli na `Condition` zilizokwisha kupangwa vizuri. Ila kwanza iandike yako kwa mkono, uiendeshe kwa thredi nyingi hadi uielewe. Programu ikikwama usiku, utajua pa kuanzia kutafuta.