SOMO: DARI IPIGILIWE MWISHO



Mara nyingi tukijenga zahanati, pesa zikipatikana kidogo watu husema, "Tupige silingi kwanza, ionekane imekwisha." Halafu siku ya kuweka stima bodi zinabomolewa. Pesa ya harambee inalipa kazi moja mara mbili. Kwa hiyo, kila kinachopita juu ya dari kiwekwe na kujaribiwa kabla ya kufunikwa.

Ni nini cha kupangwa?

1. Stima. Mama hujifungua hata usiku, basi taa ikae juu ya kitanda chake, si katikati ya chumba kwa urembo. Friji ya chanjo hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, kwa hiyo soketi yake ipangwe mapema. Nyaya zipite ndani ya paipu za plastiki, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni.

2. Maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake ni tani nzima! Mbao za dari haziwezi. Lijengewe mnara nje. Paipu zijazwe maji, viungo vikaguliwe kama vinavuja.

3. Hewa. Mabati hushika joto sana. Acheni matundu ukutani, juu ya dari, yenye wavu ili popo wasiingie.

4. Mlango wa kupandia. Acheni nafasi ya kutosha mtu mzima kupita, kama futi 2 kwa 2. Bila huo, kila tatizo dogo litamaanisha kubomoa.

Tufanyeje?

Kabla ya kununua bodi, iteni siku moja fundi wa mbao, wa stima na wa mabomba, pamoja na muuguzi. Chora kwa chaki sakafuni: kitanda hapa, sinki hapa, friji pale. Kila fundi aonyeshe njia yake. Wakigongana, wasikizane hapo hapo. Chaki hufutika bila gharama. Kazi ya juu ikiisha, pigeni picha kwa simu, katibu aziweke. Ndipo misumari ianze.

Maswali ya kujadiliana

a) Katika jengo letu, ni nini bado hakijapita juu ya dari?
b) Ni nani kati yetu atakayewaita mafundi wote pamoja, na lini?