Kompyuta ya Bei Nafuu: Tujifunze Kuhesabu Kabla ya Kupokea



Somo la robo hii limetokana na barua iliyofika ofisini kwetu. Marafiki wa ng'ambo wanajitolea kututumia kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, pamoja na monita zake, kwa ajili ya vituo vya kujisomea katika tarafa ya Idodi. Ni barua ya upendo na tunawashukuru. Hata hivyo, kabla ya kuijibu tumeona ni vema kamati zikae na kujifunza, kwa sababu tuliwahi kujibu barua ya namna hiyo kwa haraka, na waliolipa gharama yake ni watoto.

Lengo la somo: mwisho wa somo hili, kila kamati iweze kukadiria gharama kamili ya kompyuta, iwe ya kununua au ya kupewa, na iweze kusema "ndiyo" au "hapana" kwa hoja.

1. Tulichojifunza Idodi

Kwa wasomaji walio mbali, Idodi ni tarafa katika Wilaya ya Iringa, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni nchi ya joto na vumbi, na wananchi wake wengi ni wakulima. Mwezi Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Idodi, na wanafunzi 12 walipoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa uliokuwa ukitumika kusomea usiku. Tangu hapo, mzazi wa Idodi akisikia habari ya taa za kusomea, haichukulii kama habari ya starehe.

Ndiyo maana mwaka 2011 wazazi wa usharika mmoja wa huko walichanga fedha walizopata katika mpunga, wafadhili wakaongezea, nasi tukafunga umeme wa sola katika chumba cha kujisomea. Zilikuwa paneli 4 za wati 80 kila moja, betri, inveta na taa 8. Watoto walisoma kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, na mishumaa ikawekwa kando.

Mwaka uliofuata zikaja kompyuta 10 za msaada, zenye monita kubwa za chogo. Tulizipokea, tukazipakia kwenye lori, tukazizindua kwa nyimbo za kwaya. Vijana wakaanza kujifunza kila alasiri. Wiki ya tatu taa zilianza kuzimika saa 2 usiku. Kabla mwaka haujaisha betri zilikuwa zimekufa, na watoto wakarudi kwenye koroboi na mishumaa. Katika kikao cha kutafuta suluhisho, mama mmoja alituuliza ni nani aliyeruhusu kompyuta zitumie umeme wa watoto. Hatukuwa na la kujibu, kwa kuwa sahihi iliyokuwa kwenye hati ya mapokezi ni yetu.

2. Hesabu ambayo hatukuifanya

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, nasi wenye shahada hatukuifanya. Kipimo chetu ni wati zikizidishwa kwa saa. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ndiyo ile "uniti" moja tunayonunua kwenye LUKU.

Umeme unaoingia: paneli 4 × wati 80 = wati 320. Jua likiwa zuri kwa saa 5, tunapata 1,600. Lakini karibu theluthi moja hupotea katika nyaya, betri, inveta, joto na vumbi. Kinachobaki ni kama 1,070, yaani uniti moja na kidogo kwa siku.

Umeme wa taa: taa 8 × wati 11 × saa 3 = 264. Kwa hiyo zinabaki kama 800 kwa matumizi mengine.

Umeme wa kompyuta: monita ya chogo pekee hula wati 60 hadi 100. CPU ya mezani ya zamani hula wati 100 hivi. Tukichukua wati 180 kwa seti moja, zile 800 zinatosha kuendesha kompyuta moja kwa muda usiofika saa 5. Kompyuta 10 kwa pamoja zingezimaliza kwa nusu saa tu. Sisi tuliziwasha saa kadhaa kila siku, na zilichokula ni akiba ya betri. Betri ya asidi ikishushwa hadi chini mara kwa mara hufa mapema, hata kama ilinunuliwa jana.

Sasa tuangalie upande wa pili. Laptopu hula wati 30 hivi inapofanya kazi ya kawaida. Kwa zile zile 800, laptopu 10 zingefanya kazi kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na taa za watoto zingewaka hadi saa 4. Paneli zisingeongezwa hata moja. Vifaa vya bure vilivyotufikia ndivyo vilivyotugharimu betri.

3. Kampuni ya monita iliyoingia kwenye kompyuta

Tusifikiri kwamba ni sisi peke yetu wa vijijini tunaodanganywa na bei. Mfano mzuri unatoka Marekani.

Korea Data Systems, iliyojulikana kwa kifupi kama KDS, ilikuwa kampuni ya Korea Kusini iliyotengeneza monita. Mwaka 1998 iliungana na kampuni nyingine ya huko huko, TriGem, iliyotengeneza kompyuta, wakaanzisha kampuni ya tatu iitwayo eMachines katika jimbo la California. Lengo lilikuwa kuuza kompyuta kwa dola 399 hadi 599, wakati ambapo familia nyingi zilikuwa zimezoea kulipa zaidi ya dola 1,000.

Kwa mfanyabiashara wa monita hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Faida katika monita moja ni ndogo, na monita peke yake haifanyi kazi. Kila kompyuta inayouzwa huita monita. Tena bei iliyotangazwa ya dola 399 au 499 ilikuwa ya CPU tu. Mteja akifika nyumbani bila monita, alikuwa na boksi lisiloonyesha kitu.

Watu walizinunua kwa wingi, na kufikia mwaka 1999 eMachines ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kompyuta za madukani nchini Marekani. Yalikuwepo pia matangazo ya kompyuta ya "bure" au karibu na bure: mnunuzi alirudishiwa dola 400 endapo angesaini mkataba wa intaneti wa miaka 3 na kampuni ya CompuServe kwa dola 21.95 kila mwezi. Tuzidishe wenyewe: miezi 36 × 21.95 ni dola 790. Aliyepokea 400 alikuwa ameahidi kulipa karibu mara mbili yake.

Mwezi Machi 2000 eMachines iliuza hisa zake kwa umma. Mwaka 2001 hisa hizo ziliondolewa katika soko la Nasdaq baada ya thamani yake kuporomoka. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilinunuliwa na mfanyabiashara Lap Shun Hui. Chini ya mkurugenzi mpya, Wayne Inouye, ilitilia mkazo ubora na huduma kwa wateja, ikainuka tena. Mwaka 2004 ilinunuliwa na Gateway, mwaka 2007 Gateway nayo ikanunuliwa na Acer, na mwaka 2013 jina la eMachines likaachwa kabisa.

4. Mafunzo matatu kwa kamati

Kwanza, bei ya kipande si bei ya kazi. Tunapoambiwa kompyuta ni bei fulani, tuulize: pamoja na monita? Pamoja na UPS, meza, nyaya, na ulinzi wa mlango? Pamoja na usafiri kutoka bandarini hadi Idodi? Kamati iandike jumla ya kuifanya kompyuta ifanye kazi kwa miaka 3, siyo bei ya kuifikisha mlangoni.

Pili, cha bure huja na mkataba, hata kama haujaandikwa. Mkataba wa Wamarekani wale ulikuwa wa intaneti. Wa kwetu ulikuwa wa umeme, nasi tuliulipa kwa betri.

Tatu, tuulize nani atakuwepo kesho. Ndani ya miaka 15 kampuni moja ilianzishwa, ikaporomoka, ikainuka, ikauzwa mara tatu na jina lake likafutwa. Kama hayo huwapata walio na maduka mlangoni, sisi tuangalie zaidi kama kifaa kina vipuri Iringa mjini au Mbeya, na kama yupo fundi anayekijua. Kifaa cha jina kubwa kisicho na chaji yake ni mzigo.

5. Kioo ndicho cha kuanza nacho

Wataalamu wa mpango wa One Laptop per Child, uliotangazwa mwaka 2005 kwa ahadi ya laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini, waliliona jambo hili mapema. Walijua kwamba kioo ni kati ya sehemu zinazokula umeme mwingi, hivyo walianza na kioo. Mary Lou Jepsen aliongoza usanifu wa skrini iliyotumia umeme kidogo sana na kusomeka hata juani. Bei haikushuka hadi dola 100, ilikaribia 200. Lakini hoja ya umeme ilikuwa sahihi, na jirani zetu wa Rwanda walisambaza laptopu hizo kwa wingi katika shule zao za msingi.

Kwa hiyo tunapopewa orodha ya vifaa, tusome kwanza mstari wa monita. Ikiwa ni bapa ya kisasa, hula wati 15 hadi 30 tu. Ikiwa ni ya chogo, tukatae kwa upole. Mbali na umeme, kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Isivunjwe wala kutupwa kwenye shimo la taka karibu na visima. Nchi yetu ina kanuni za mwaka 2021 za kusimamia taka za vifaa vya umeme, na kamati iliyopokea kifaa ndiyo itakayoulizwa kimekwenda wapi.

Tukumbuke pia programu. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Hizo bado zinaweza kufanya kazi kwa Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi. Wala si jambo geni kwetu: tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

6. Neno kwa wafadhili

Marafiki zetu, tunaomba jambo moja: mtuulize kabla ya kufunga makasha. Laptopu 5 zilizo na chaji zake na betri nzuri zinatufaa kuliko seti 20 za mezani. Na kama nauli ya kontena ingeweza kugeuzwa kuwa betri mpya na mafunzo ya fundi mmoja kijana wa Idodi, kazi yenu ingedumu zaidi. Mkikataliwa kifaa, msione kwamba mmekataliwa ninyi.

7. Maswali ya kujadili katika kamati

(a) Umeme wetu kwa siku ni kiasi gani, baada ya kutoa upotevu? Nani amepima?
(b) Taa za watoto zinahitaji kiasi gani? Kiasi hiki kitolewe kwanza, kisiguswe.
(c) Kinachobaki kinaweza kuendesha kompyuta ngapi, za aina gani, kwa saa ngapi?
(d) Betri zikifa, fedha za kununua nyingine zitatoka mfuko gani?
(e) Kifaa kikiharibika kabisa, kitapelekwa wapi?

Tunaomba kila kamati ya tarafa ya Idodi ijibu maswali haya kwa maandishi na kuleta muhtasari wa kikao ofisini kwetu kabla ya robo hii kwisha. Barua ya ng'ambo bado ipo mezani. Safari hii hatutasaini mapokezi yoyote kabla ya kuona majibu ya swali (b).